UZI: Jarome Iginla, mti mkubwa wa barafuni. Kombe hana na mimi bado namweka juu

Barafu_Masese:

Habari za asubuhi wakubwa kwa wadogo. Jana kwenye ule uzi wa Cranes, timu yetu ya taifa ya mpira hapa Uganda, mmebishana mpaka usiku wa manane kama mchezaji asiyewahi kubeba kombe anafaa kuitwa mkubwa, mimi nilikuwa nasoma tu nikiwa kwenye gari, sikutaka kuingilia, lakini leo nimeona nifungue uzi wangu niwaletee mtu mmoja ambaye najua wengi humu hamjawahi hata kulisikia jina lake. Sio mpira wa miguu. Ni hoki, na sio hoki ya nyasi ile ya pale Lugogo, Kampala, ni hoki ya barafu. Vumilieni, ni mrefu.

Kwanza niwaambie nimefikaje huko. Kazi yangu mimi ni barafu, mwaka wa 22 huu nabeba barafu pale Masese, Jinja, tunapanga sangara kwenye makreti, barafu chini, samaki, barafu juu, mpaka kiwandani. Kwa hiyo barafu naijua, najua inavyouma vidole saa kumi usiku, najua inavyoteleza ukiikanyaga na ndara. Sasa binamu yangu alienda Kanada, akatua mji unaitwa Calgary, siku moja akanitumia video ya watu wanakimbia juu ya barafu kama wana mabawa, wanapigana vikumbo, wanageuka ghafla, na mmoja wao ni mweusi, mwili umejaa, jezi nyekundu nambari 12, anatabasamu. Nikauliza huyu nani? Akaniambia huyo ndiye mwenye mji. Tangu hapo kila tukisubiri gari alfajiri naangalia, maana saa moja jioni ya Calgary wakati wa baridi kwetu ni saa kumi na moja alfajiri, saa ile ile mashua zinarudi.

Anaitwa Jarome Iginla. Baba yake Mnigeria, Myoruba, alienda Kanada akiwa kijana akasomea sheria. Mama mzungu. Na Iginla kwa Kiyoruba ni mti mkubwa, igi ni mti na nla ni kubwa, sikupamba mimi hilo. Kazaliwa tarehe 1 Julai 1977 mjini Edmonton, na tarehe hiyo ndio sikukuu ya taifa la Kanada, yaani kila mwaka nchi nzima inapiga fataki siku yake ya kuzaliwa. Wazazi waliachana akiwa mdogo, akalelewa na mama, na babu na bibi wa upande wa mama ndio walikuwa wanamkimbiza mazoezini kwenye baridi ile.

Alianza kama golikipa, kwa sababu pale Edmonton kulikuwa na golikipa mweusi, Grant Fuhr, aliyechukua makombe matano na timu ya Oilers. Mtoto aliangalia golini akaona mtu anayefanana naye. Baadaye akahamia mbele akawa winga wa kulia. Mimi nafikiri sana hapo, mtoto akikosa kuona mtu wa kufanana naye mahali fulani, hata wazo la kwenda halimjii.

Nitaendelea, gari limeingia.

Dereva wa Malaba:

Ssebo endelea, tuko hapa. Lakini utueleze mchezo wenyewe unachezwaje, mimi nikiangalia sioni hata mpira uko wapi.

Barafu_Masese:

Nimerudi. Dereva swali zuri, nilitakiwa nianze na hilo. Hakuna mpira, kuna kisahani cheusi cha mpira mgumu wanakiita paki, unene wake kama vidole viwili hivi, uzito kama gramu 170, na kabla ya mechi wanakigandisha kwanza kwenye friza ili kisidundedunde. Kila upande watu sita pamoja na golikipa, viatu vina makali kama kisu chini, fimbo mkononi. Vipindi vitatu vya dakika 20. Na hawachezi dakika zote kama sisi, mtu anaingia anakimbia kwa nguvu zake zote kama sekunde 45 anatoka anaingia mwingine, hiyo wanaiita zamu, mechi inaendelea hivyo hivyo bila kusimama. Barafu yenyewe ni nyembamba, inchi moja hivi, chini yake kuna mabomba ya kupoza. Mimi nilidhani ni futi nzima! Ukipiga hesabu yangu ya makreti, sisi tunatumia barafu nene kuliko wao na samaki hawakimbii.

Ligi yao kubwa ni NHL, timu za Marekani na Kanada, kombe linaitwa Stanley Cup. Enzi za Iginla walikuwa wanacheza mechi 82 za msimu, halafu mtoano, na kila hatua ya mtoano ni mechi mpaka saba, anayefikisha ushindi wa nne ndiye anapita. Kumbukeni hiyo saba, tutairudia na itauma.

Basi. 1995 timu ya Dallas Stars ikamchagua nambari 11 kwenye drafti, yaani pale timu zinapochagua vijana kwa zamu, lakini kabla hajavaa hata jezi yao, Desemba ile ile wakamuuza Calgary Flames ili wampate Joe Nieuwendyk, nyota mkubwa wa Calgary wakati huo. Watu wa Calgary walinuna, mnauza nyota mnatuletea mtoto wa miaka 18? Mtoto alikuwa ameshachukua makombe mawili ya vijana na Kamloops Blazers, 1994 na 1995, lakini nani aliyejali. Halafu Nieuwendyk akaenda akachukua Stanley Cup na Dallas 1999. Calgary wao wakakaa miaka saba mfululizo bila hata kuingia mtoano.

Na hapo ndipo namuanzia hesabu mimi. Kijana aliyekaa kwenye timu inayofungwa, na kila mwaka anapanda. Msimu wa 2001-02 akafunga magoli 52 na pasi za magoli 44, jumla pointi 96, hakuna mtu kwenye ligi nzima aliyemfikia, akabeba tuzo ya mfungaji bora na tuzo ya pointi, na wachezaji wenzake wakampigia kura yeye ndiye bora. Ile tuzo ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote wakafungana pointi yeye na golikipa José Théodore wa Montreal, sawa kabisa, ikaenda kwa Théodore kwa sababu alikuwa na kura nyingi zaidi za nafasi ya kwanza. Kwa nywele tu!

Kijana wa Arua:

Mzee heshima kwako lakini mbona naona ni yale yale. Magoli mengi, tuzo za mtu mmoja, kombe hamna. Kombe ndio kipimo bana. Na huyo ni Mkanada, sisi wa Arua anatuhusu nini?

Barafu_Masese:

Kijana karibu, hujakosea kuuliza. Nakujibu yote mawili na nianze na la pili.

Februari 2002 michezo ya Olimpiki ya baridi ilikuwa Salt Lake City, Marekani. Kanada ndio wenye hoki, ndio dini yao ile, lakini dhahabu ya hoki ya wanaume mara ya mwisho walikuwa wameipata 1952. Miaka 50! Fainali siku ya mwisho, na Marekani, nyumbani kwa Marekani. Kanada ikashinda 5-2 na mtoto wa Myoruba akafunga mawili kati ya hayo matano. Akawa mwanamume mweusi wa kwanza duniani kupata dhahabu kwenye Olimpiki ya baridi. Siku chache kabla yake Vonetta Flowers, dada wa Kimarekani, alishapata ya mchezo wa kuteleza na gari la barafuni, kwa hiyo dada ndiye wa kwanza kabisa na Iginla wa kwanza kwa wanaume.

Sasa nikumbushe la kwetu. John Akii-Bua alishinda dhahabu Munich 1972. Baada ya pale sisi tukasubiri mpaka London 2012, siku ya mwisho kabisa ya michezo, Stephen Kiprotich anaingia na bendera. Miaka 40. Mimi siku ile nilikuwa kwenye kibanda cha chapati pale Masese, redio ndogo, wanaume wazima wanalia na hakuna aliyeficha uso. Kwa hiyo ukiniambia kuna nchi ilisubiri miaka 50 na aliyewavusha ana jina la Afrika mgongoni, naelewa mwili mzima. Hilo ndilo linanihusu. Wewe Arua ulilia 2012 au hukulia?

Kijana wa Arua:

Nilikuwa shule, tulipiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akatuacha. Hapo umenipata. Lakini la kombe bado.

Mama Tororo:

Mimi nasoma tu wanangu. Barafu, huyo kijana ana tabia gani? Maana tuzo wanazo wengi.

Barafu_Masese:

Mama shikamoo. Hilo swali ndilo nilikuwa nalisubiri.

Pale pale Salt Lake City 2002, alikuwa mgahawani, meza ya karibu kuna mashabiki wanne wametoka Calgary, akawasalimia, katika kuongea akajua wamekosa pa kulala, wanalala kwenye gari lao nje ya hoteli, baridi ile. Aliinuka kidogo, akarudi akawaambia nimewalipia chumba, hoteli hiyo hiyo familia yangu iko. Hakuita kamera. Tena kwa miaka alikuwa anatoa dola 1,000 kwa kila goli analofunga, akaja akaongeza ikawa 2,000, zinaenda KidSport, shirika la kuwalipia watoto wa familia zisizo na uwezo wacheze michezo, maana hoki ni ghali, viatu tu vinamshinda mzazi.

Na mama nisikufiche, alikuwa anapigana pia. Hoki ya NHL inaruhusu kwa namna yake, wawili wakivua glovu refa anawaacha wamalizane halafu kila mmoja anakaa kwenye benchi la adhabu dakika tano. Kuna watu kazi yao ni hiyo tu. Yeye alikuwa nyota, angeweza kuwaachia wengine ngumi, hakuwaachia. Mimi sipendi ngumi, nimeona vijana wakitoana meno pale mwaloni kwa sababu ya kreti moja, lakini naelewa kwamba kepteni asiyetuma watu mahali asipokwenda mwenyewe anaheshimiwa.

Kepteni alifanywa 2003. Na hapo ndio inakuja 2004, Kijana wa Arua kaa vizuri.

Calgary wameingia mtoano kwa shida, hakuna aliyewapa nafasi. Wakamtoa Vancouver kwenye mechi ya saba, muda wa nyongeza. Wakamtoa Detroit. Wakamtoa San Jose. Golikipa wao Mfini, Miikka Kiprusoff, amesimama kama ukuta, na Iginla anafunga, alimaliza mtoano na magoli 13 na hakuna aliyemzidi mwaka ule. Mji mzima barabarani na jezi nyekundu, binamu anasema alikuta watu bado wanausimulia huo mwaka kana kwamba ni jana. Fainali na Tampa Bay Lightning. Mechi ya tatu Vincent Lecavalier, nyota wa Tampa, akakabiliana na Iginla, nyota kwa nyota, glovu chini, jambo ambalo kwenye fainali halionekani.

Mechi ya tano kule Tampa, muda wa nyongeza, hii itafuteni muiangalie kwa macho yenu. Iginla anazunguka, kofia ngumu imemtoka kichwani na bado anakimbia, anapiga, anairudia paki, anapiga tena, amekaa barafuni muda mrefu kuliko binadamu anavyotakiwa, mapafu yanawaka, mpaka paki inamkuta Oleg Saprykin anafunga. Watu wa kule wakisema ile zamu kila mtu anajua zamu gani. Goli la Saprykin, lakini muulize yeyote wa Calgary ni la nani.

Tatu kwa mbili. Wakirudi nyumbani wanahitaji moja tu.

Mechi ya sita, mbili kwa mbili, zimebaki kama dakika saba. Paki inagonga kiatu cha Martin Gélinas inaelekea golini, mguu wa golikipa wa Tampa unaitoa. Ilivuka mstari au haikuvuka? Kwenye picha moja unaona weupe wa barafu kati ya paki na mstari, unaona imevuka. Mechi haikusimamishwa, hakuna goli. Mpaka leo Calgary wanasema iliingia. Nyongeza ya kwanza hamna kitu, nyongeza ya pili Martin St. Louis akafunga, Tampa 3-2. Mechi ya saba Tampa, 7 Juni 2004, Calgary wamelala 2-1.

Hiyo ndio mara pekee Iginla alifika fainali ya Stanley Cup.

Dereva wa Malaba:

Banange. Yaani unene wa barafu kati ya paki na mstari. Hii imeniuma na sijawahi kuona barafu zaidi ya ile ya kwenye soda.

Afande Mstaafu Gulu:

Nimefuatilia. Baada ya hapo alihama kutafuta kombe? Maana wengi wanakimbia.

Barafu_Masese:

Afande hakukimbia, alikaa Calgary mpaka 2013. Misimu 11 mfululizo anafunga magoli 30 au zaidi, 2007-08 akafika tena 50. Timu ikawa inatolewa mapema, baadaye haiingii kabisa, yeye yuko. Magoli 525 na jezi ile moja.

Katikati ya hiyo ikaja Olimpiki ya Vancouver, 2010, na hapa ndipo penye hoja yangu yote Kijana wa Arua. Fainali 28 Februari, Kanada na Marekani tena. Kanada wanaongoza 2-1, zimebaki sekunde kama 25 Marekani wanasawazisha. Muda wa nyongeza, anayefunga kwanza ameshinda. Kwetu ilikuwa inakaribia saa nane usiku. Iginla yuko pembeni na paki, beki wa Marekani amemkumba anaanguka, Sidney Crosby, mwenzake wa Kanada, anamwita kwa jina lake la utani, Iggy! Iggy! Sauti inasikika kabisa kwenye video. Na huku anadondoka anaitelezesha pasi. Crosby, goli, nchi nzima imelipuka.

Picha iliyoenda dunia nzima ni ya Crosby ameinua mikono. Iginla wakati ule yuko chini kwenye barafu. Nimeitazama ile video mara ngapi sijui, na kila mara mimi namtazama aliyelala chini. Mimi sangara ninayempanga anaenda Ulaya, anaingia hoteli, jina langu haliko kwenye boksi, lakini barafu yangu ikikosewa saa moja tu samaki huyo hafiki. Ndio maana ukiniambia kombe ndio kipimo nakusikia lakini siwezi kukubali, kuna watu unaweza kuondoa jina lao kwenye picha na picha yenyewe ikakosekana.

Afande, baada ya Calgary, Machi 2013 walimuuza Pittsburgh, akaenda kwa Crosby huyo huyo. Boston nao walikuwa wanamtaka, yeye akachagua Pittsburgh. Ikaja nusu fainali, Pittsburgh wakakutana na hao hao Boston wakafungwa mechi nne bila, na kwenye mechi zote nne Pittsburgh walipata magoli mawili tu. Mwaka uliofuata akaenda Boston yenyewe, akafunga 30, timu ikamaliza msimu ikiwa ya kwanza ligi nzima, halafu ikatolewa na Montreal raundi ya pili. Colorado misimu mitatu, akafikisha goli la 600 Januari 2016. Akamalizia Los Angeles 2017. Julai 2018 akatangaza amestaafu: mechi 1,554, magoli 625, pointi 1,300.

Kijana wa Arua:

Sawa mzee, pasi ya kuangukia nimeiangalia sasa hivi. Nimeirudia mara nne. Bado naamini kombe lina uzito wake lakini siwezi kusema huyu sio mkubwa.

Barafu_Masese:

Na mimi sikatai uzito wake, naye mwenyewe alilitaka kombe, angehamia Pittsburgh kwa nini? Tumekubaliana vya kutosha.

Mama Tororo nilisahau, tarehe 2 Machi 2019 Calgary walipandisha jezi nambari 12 juu kwenye dari la uwanja, hakuna mwingine wa kuivaa tena. Kwetu ilikuwa imeshaingia tarehe 3, alfajiri, binamu kanipigia video yuko ndani ya uwanja, mimi nimesimama na makreti, vijana wangu wamezunguka simu, mmoja akauliza mbona mtu mzima analia, nikamwambia simama utazame. 2020 akachaguliwa kwenye jumba la heshima la hoki mwaka wake wa kwanza kabisa wa kufaa, sherehe ikasogezwa mpaka Novemba 2021 kwa sababu ya korona. Mle kabla yake weusi walioingia kwa uchezaji ni Fuhr na dada Angela James, na Willie O'Ree aliwekwa kama mjenzi wa mchezo, mzee aliyefungua mlango wa NHL Januari 1958 akiwa haoni jicho la kulia.

Mama Tororo:

Ana watoto?

Barafu_Masese:

Watatu mama, na wote wamecheza hoki. Binti mkubwa Jade, na wavulana Tij na Joe. Tij alichaguliwa kwenye drafti ya 2024, nambari 6, na timu ya Utah, mpya wakati ule, yeye ndiye mchezaji wa kwanza kabisa timu hiyo kumchagua kwenye drafti. Na Utah makao yao ni Salt Lake City, mji ule ule wa Olimpiki ambayo baba yake alifunga mawili 2002.

Dereva wa Malaba:

Mji ule ule!

Barafu_Masese:

Ule ule. Binamu ameahidi kunitumia ratiba yao nikiipata naiweka humu. Kwa wanaotaka kuona barafu yenyewe bila kupanda ndege, Nairobi pale hoteli ya Panari barabara ya Mombasa waliweka uwanja mdogo wa barafu 2005 na kuna timu, Kenya Ice Lions, vijana wetu hawa hawa wa Afrika Mashariki wamevaa viatu vya makali. Dereva wewe unapita njia hiyo kila wiki, ukisimama piga picha utuletee. Mashua zimeanza kuingia, naenda kupasua barafu.